Vijinzi vya Bwana Nukta

Shemeji yangu ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Bwana Nukta, kwa sababu ukimwambia "nakuja sasa hivi" atakuuliza "sasa hivi ni dakika ngapi?" Simsingizii. Mimi mwenyewe, mdogo wa mke wake wa tumbo moja, nimewahi kufungiwa mlango kwa kuchelewa chai ya saa kumi na robo. Baadaye alinifungulia, lakini chai alikuwa ameshaimaliza.

Kazi yake anafanyia sebuleni, meza iko chini ya dirisha linalotazama barabara. Wateja huingia moja kwa moja, hukaa kwenye kiti cha mbao, hupewa maji ya kunywa, hungoja. Mezani pana taa ya shingo ndefu, vikoleo vitano vilivyopangwa kwa urefu, vibakuli vya glasi vyenye vigurudumu ambavyo mimi naona kama vumbi, na ile lenzi ya kubandika jichoni ambayo imemwachia alama ya duara usoni. Akiwa ndani ya saa ya mtu hapumui. Anavuta pumzi, anaweka kiskurubu mahali pake, ndipo anaitoa. Dada yangu husema aliolewa na mtu anayepumua nusu siku.

Sasa mtu huyo huyo, anayejua kuwa saa ya benki imetangulia nukta arobaini, kitu chochote kisichotoa mlio anakisahau. Amewahi kusahau pasi juu ya shati. Amewahi kumsahau binti yake shuleni mpaka mlinzi wa geti akamleta kwa mkono. Kwa hiyo lile ua la kwanza lilipokufa, nani angemtetea?

Ua lenyewe lilikuwa la mama yetu. Begonia, majani mapana, juu kijani kizito, chini mekundu, na maua madogo yanayoinamisha vichwa. Mama alilikuza ndani, pembeni mwa kitanda chake, miaka na miaka. Alipofariki, nyumba tuliiuza, vyombo tukagawana, nguo tukatoa. Dada akakata vitawi viwili vya ua lile akavipanda. Kimoja akakiweka chumbani kwake, cha pili akakiweka kwenye meza ya mumewe, kwa kuwa pana mwanga mzuri. Miezi mitatu haikuisha, la chumbani linachanua, la mezani limelala kifudifudi.

Nilimpa vidonge vyake mimi mwenyewe, mbele ya wateja wake. "Saa za watu unazikumbuka, ua la mama mkwe wako unalisahau!" Yeye alisema tu, "Nilidhani nalimwagilia." Dada hakugomba hata kidogo, na dada akinyamaza ni bora akupige. Tangu siku hiyo, miaka sita, hakumruhusu mumewe aguse hata jani la ua lililobaki.

Halafu binti yao akajifungua, tena mapacha, huko mbali anakokaa na mumewe, na dada ikabidi aende akamsaidie kwa miezi mitatu. Ua halisafiri siku mbili ndani ya basi. Akalitoa chumbani, akaliweka mezani kwa mumewe karibu na taa, kisha akamwambia, "Limwagilie. Nakuomba, usilisahau. Hili likifa, mama amekufa mara ya pili." Nilikuwa nimesimama pale na begi lake mkononi.

Basi likaondoka, na Bwana Nukta akarudi nyumbani akaingia kazini. Alichukua saa ya kengele, ile ya masikio mawili ya chuma, akaitega saa moja asubuhi na saa moja jioni. Akatafuta bomba la sindano lisilo na sindano, akapima maji, mililita hamsini, si hamsini na moja. Kengele ikilia, hata awe ndani ya saa ya waziri, anaweka kila kitu chini na kusimama.

Kila jioni dada alipiga simu. "Babu, umelimwagilia?"

"Nimelimwagilia."

"Kweli?"

"Mililita mia kwa siku. Naandika."

"Haya. Wajukuu zako wanakusalimu, wamelala." Na mume wa mtu anaweka simu chini kifua kimemtuna. Alitaka jambo moja tu, dada arudi alikute ua hai, amwamini tena. Alikuwa halisemi, lakini mtu mzima hapangi kengele mbili kwa ajili ya begonia kama hana lake moyoni.

Wiki ya nne majani yakaanza kupauka. La kwanza likawa njano, la pili likafuata, shina likalegea. Shemeji akakunja uso, akapima, akafikiri, akaongeza kengele ya tatu, saa saba mchana. Na hapo ndipo tulipoanza kuviona.

Vijinzi. Vidogo, vyeusi, vyembamba, vina mwendo wa mlevi. Haviumi wala havina haraka. Vinatua puani mwako, vinaogelea kwenye chai, ukivipiga kofi unajipiga mwenyewe. Kwangu mimi ni kero tu, lakini kwa mtu ambaye riziki yake ni vitu vya ukubwa huo huo, lo! Siku moja alishika kiskurubu kwa kikoleo, akavuta pumzi yake, akakisogeza taratibu hadi kwenye tundu lake, na kiskurubu kikaruka kikaondoka. Nilicheka mpaka mbavu ziliniuma. Yeye hakucheka, alikuwa bado hajatoa pumzi.

Aibu kubwa ikaja wiki iliyofuata. Yuko mteja wetu wa siku nyingi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai hata akienda kununua mkate. Aliingia akavua saa yake, ile aliyoichukua juzi yake tu, akaiweka mezani kwa heshima zote. "Fundi," akasema, "saa yangu imepata mpangaji."

Tukainama wote watatu. Chini ya kioo, juu ya tarakimu ya nne, kijinzi kilikuwa kinatembea. Kilifika kwenye tano, kikapumzika, mshale wa nukta ukakipitia, kikainama.

"Inaenda vizuri tu," Mwalimu akasema. "Lakini nikitazama saa naanza kumtazama yeye, nachelewa."

Shemeji alibadilika rangi. Miaka thelathini anafungua na kufunga saa, hajawahi kufungia ndani hata unywele. Aliifungua pale pale, akamtoa mpangaji, akaisafisha, akakataa malipo. Mwalimu alipotoka, Bwana Nukta akatangaza vita.

Kwanza alilaumu mfereji wa maji machafu, akaumwagia maji ya moto. Halafu akalaumu mkoba wangu. Eti huenda nina ndizi iliyooza humo! Mimi, ninayekaa dirishani posta kutwa, mbele ya watu, nitembee na ndizi iliyooza? Nikaumwaga mkoba wote juu ya meza yake. Zilitoka stempu, kitana, risiti na peremende moja. Akaniomba radhi. Akaweka kikombe cha siki na tone la sabuni, vikafa vijinzi saba, na kesho yake vikaja sabini.

Siku hiyo nafika kwa chai namkuta ameinama juu ya chungu cha ua, lenzi jichoni, pua inakaribia kugusa udongo.

"Shemeji, njoo. Kuna mji humu."

"Mji gani tena?"

Akanibandikia lenzi. Mwenzangu! Udongo ulikuwa unatembea. Vifunza vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vichwa vyeusi, vinaingia na kutoka, na juu yao vijinzi vichanga vinakausha mabawa. Nilipiga ukelele nikaangusha kikombe. Nilipotazama juu nikakuta shemeji amekaa, mikono mapajani, na hakuwa anafikiria tena saa ya mtu yeyote.

"Vinakula mizizi," akasema. "Nimeliua tena."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyanoa miaka sita. Lakini nilimwonea huruma, basi. Nikamwambia avae viatu.

Nyuma ya gereji ya magari yuko mama mmoja anauza miche, mwanamke mnene wa kofia pana, amezungukwa na makopo na mifuko ya udongo. Shemeji alikuwa amelifunika ua kwa aproni yake, amelibeba kama mgonjwa. Muuza miche akalifunua, akakinyanyua chungu kwa mkono mmoja, akakipima uzito. Akabonyeza udongo kwa kidole gumba, maji yakachuruzika. Akanusa.

"Nani analimwagilia hili?"

"Mimi, mama. Kwa saa. Mara tatu kwa siku, sijakosa hata mara moja."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu."

"Baba, chungu hiki kimekunywa zaidi ya hayo. Na nani?"

Nikatazama viatu vyangu.

Sasa hapa ngoja niseme jambo ambalo sikulisema mwanzo. Siku ile stendi, dada alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Pita kila siku, ulitazame. Unamjua mwenyewe." Nami nikapita kila siku. Shemeji akiingia jikoni kufuata sukari, mimi namiminia ua glasi yangu ya maji. Siku isiyo na maji, mabaki ya chai. Ya maziwa, ndiyo, Mungu anisamehe. Nilijua yeye atasahau, nikajiona mwokozi.

Nikasema yote hayo pale, katikati ya miche, sauti ya chini. Shemeji alinitazama kwa muda ambao yeye angeweza kukuambia ni nukta ngapi. Muuza miche ndiye aliyecheka, mwili mzima. "Mmelizamisha! Ua linazama, majani yanakuwa njano, mnasema lina kiu, mnaongeza. Na hao wadudu wanapapenda hapo. Wanataga juu, kwenye udongo wa majimaji. Ukikauka, hawana pa kutagia."

Akatueleza cha kufanya. Kuling'oa, kukata mizizi iliyooza, kulipanda upya kwenye udongo mpya na chungu chenye tundu chini, maana kile chetu cha urembo kilikuwa hakina hata moja. Juu ya udongo, mchanga mkavu wa unene wa kidole. Vipande vya kiazi kibichi vya kuwavuta vifunza waliobaki. Kadi ya njano yenye kitu cha kunata, kwa wale wanaoruka. Na zaidi ya yote, kuliacha.

"Siku ngapi?" shemeji akauliza, kalamu mkononi.

"Mpaka likauke."

"Ndiyo, lakini ni saa ngapi?"

"Baba, ua halina saa. Tia kidole. Kikitoka kikavu mpaka hapa," akagusa kifundo cha pili, "ndipo ulipe maji." Kisha akatufungia udongo kwenye gazeti, huku anasema kwa upole, "Hawa hawazuki penye ukavu. Ukiwaona nyumbani kwa mtu, ujue kuna mtu anamwagilia kwa hofu."

Njia nzima shemeji alitembea mbele yangu, amelikumbatia ua. Nilidhani amenuna kwa ajili ya chai yangu ya maziwa, na alikuwa na haki. Nyumbani akatandika gazeti, akaling'oa ua, akavaa lenzi, akaanza kukata mizizi iliyooza kwa mkasi wake mdogo kuliko yote, mmoja mmoja, hapumui. Alipomaliza akasema bila kunitazama:

"Shemeji, mwaka ule wa mama. Mezani hapa. Hukuviona vijinzi?"

Nikafikiri. Sikuwa na kumbukumbu.

"Mimi niliviona," akasema. "Nilikuwa navitoa kwenye kibakuli cha mafuta kila asubuhi. Nikasema vinatoka kwenye mfereji. Dada yako akaniambia nifunge dirisha. Na shina la lile ua, nilipolitupa, lilikuwa laini. Ua la kiu hukauka, shemeji. Lile lilioza."

"Kwa hiyo ulikuwa unalimwagilia!"

"Nilikuwa nalimwagilia. Nilisema nilidhani, kwa sababu ninyi wawili mlikuwa na hakika."

Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma mpaka leo. Kisha nikakumbuka kitu kingine. Miezi ile dada alikuwa halali, hali, anazunguka nyumba na jagi mkononi. Kila akipita mezani kwa mumewe anasimama, analimwagilia ua la mama, machozi yanamtoka, anaondoka, baada ya saa moja anarudi. La chumbani lilipona kwa sababu chumbani alikuwa haingii mchana. Nikasimama.

"Basi ni yeye! Ni yeye aliyeliua, na wewe umebebeshwa miaka yote hii! Nampigia sasa hivi."

Nilikuwa nimeshaifungua simu. Akanyoosha mkono akaichukua, taratibu, mtu ambaye hajawahi kuninyang'anya hata kijiko.

"Usimwambie."

"Kwa nini nisimwambie? Ni haki yako!"

"Mimi nimeshazoea kuwa ndiye niliyeliua," akasema. "Yeye hajazoea."

Mimi mdomo wangu hauna breki, watu wa posta wanaweza kukusimulia. Siku hiyo ulisimama wenyewe.

Vita ikaendelea. Kadi ya njano aliipaka grisi ya saa za ukutani, akaichomeka kwenye chungu, na ndani ya siku mbili ilikuwa imejaa madoa meusi. Mwalimu mkuu mstaafu alinasa mkono wa shati akaomba aachiliwe kwa dhamana. Naye siku hiyo akakiri, bila kuulizwa, kuwa kila alipongoja saa yake alikuwa akiligawia ua maji yake ya kunywa. "Lilionekana mnyonge," akasema. "Na si mimi peke yangu, hata yule mama wa duka la vitambaa." Ikaonekana kumbe mtaa mzima ulikuwa unalinywesha! Shemeji akaandika kwenye kikaratasi, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, USIMWAGILIE, akakisimamisha mbele ya chungu.

Asubuhi anakigeuza kipande cha kiazi, anavaa lenzi, anatoa vifunza kwa kikoleo kimoja kimoja, anahesabu. Siku ya kwanza arobaini na mmoja. Siku ya tatu kumi na tisa. Siku ya sita wanne. Jambo gumu kwake halikuwa hilo. Jambo gumu lilikuwa saa moja kamili. Kengele alishaizima, lakini saa moja ikifika anasimama tu, mikono ameifunga nyuma, analitazama ua linavyokauka, na jasho linamtoka.

Kwenye simu siku za kwanza alijibu, "Lipo, linaendelea." Dada si mtoto. Siku ya tisa akabana.

"Nimekuuliza, umelimwagilia?"

Nilikuwa pembeni. Nikamfanyia ishara kwa mikono miwili: sema ndiyo, yaishe!

"La," akasema Bwana Nukta. "Leo siku ya tisa sijalimwagilia."

Sauti iliyotoka kwenye simu ile niliisikia mpaka jikoni. Alimwita jina ambalo sitaliandika. Akakata, akanipigia mimi. "Limwagilie sasa hivi! Nakutuma wewe, chukua jagi!"

"Dada, nikilimwagilia nitaliua."

"Amekulisha nini huyo mwanamume?" Akalia. Watoto nao wakaanza kulia nyuma yake, ikawa kilio cha watu watatu. Akakata.

Nikamgeukia shemeji nimewaka moto. "Si umweleze! Mwambie habari ya vijinzi, ataelewa!"

"Akisikia vijinzi ataanza kukumbuka," akajibu. Alikuwa anafuta lenzi yake, akaifuta tena. Wiki mbili nzima dada hakupiga tena, akawa anapitishia salamu kwa binti yake. Na shemeji kila jioni aliiweka simu mezani mbele yake, akakaa nayo.

Siku ya kumi na mbili kidole kilitoka kikavu mpaka kifundo cha pili. Akalipa maji kidogo, yakashuka, yakatokea tunduni. Ukapita muda, na pembeni mwa shina lile lililochoka kikachomoza kitu chekundu, kimejikunja, kidogo kuliko kiskurubu. Jani. Alinipigia simu kazini, kuna foleni hadi mlangoni, anisomee upana wake kwa milimita. Foleni ikangoja.

Dada alirudi kabla ya siku zake, bila kumwarifu mtu, mchana wa Jumamosi. Tulikuwa tunakunywa chai. Mlango ukafunguka, akaingia na begi lake na vumbi la safari, hakusalimu. Akaenda moja kwa moja mezani. Ua lilikuwa na majani matano tu, lakini matano yamesimama. Akaugusa mchanga. Mkavu. Akaingia jikoni, akatoka na jagi.

"Usilimwagilie," shemeji akasema.

Miaka ishirini na saba wameoana, sijawahi kumsikia akimwambia dada neno linaloanza na "usi". Hata dada alisimama.

"Kwa nini?"

Na hapo ndipo mimi na shemeji tulipoiona kadi ya njano kwa pamoja. Shemeji angejua dada anakuja, angeitoa. Lakini ilikuwa pale, imesimama katikati ya chungu, imejaa.

"Hivi ni nini?" dada akauliza.

"Madoa ya grisi," nikasema haraka. Uongo wa kitoto kabisa.

Dada akachukua lenzi ya mumewe, akaibandika jichoni kama mtu aliyezoea, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Vijinzi. Vilikuwepo na mwaka ule, hapa hapa. Nilikuambia ufunge dirisha."

"Sikumbuki," akasema Bwana Nukta.

"Vinatoka wapi?"

Niliuma mdomo wangu wa chini mpaka nikasikia chumvi. Dada akatazama kile kikaratasi cha USIMWAGILIE, akatazama mchanga mkavu, akatazama majani. Kisha akatazama jagi alilolishika mwenyewe.

"Vinatoka kwenye maji mengi," akasema polepole. "Siyo? Basi lile la kwanza..."

"Sikumbuki habari ya lile la kwanza," akasema mumewe. "Ni zamani sana."

"Miaka sita nimekulaumu."

"Mitano na miezi minane," akasema, kabla hajajizuia.

Dada aliweka jagi sakafuni. Akakaa kwenye kiti cha wateja, begi bado begani, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili akalia kwa sauti. Shemeji akamsimamia pembeni, hajui mikono aiweke wapi, mpaka mwishowe akaiweka mabegani mwake. Nami nikatoka nje, nikaufunga mlango taratibu.